Heisaku, Maiti wa Kila Siku

Nagumo Heisaku alikuwa amekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote wa mtaa wao, na bado kila asubuhi mkewe alimwamsha akazoe majivu ya tanuri. Kufa ndiko kulikokuwa kazi yake. Katika studio moja ya sinema magharibi mwa Kyoto, nyuma ya mianzi, alichomwa visu, akapigwa risasi, akatupwa mferejini, akanyongwa kwa mkanda wa kimono na mwanamke aliyemfika kifuani. Kuna mwaka alikufa mara mbili katika picha moja kwa sababu mwongozaji alisahau kwamba alishamuua kule mwanzoni, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyelalamika. Jioni alijifuta damu ya rangi, akapanda baiskeli, akarudi nyumbani kula wali na samaki wa kuchoma.

"Leo umekufaje?" Sumie, mkewe, alikuwa akimuuliza huku akimpakulia.

"Kisu. Mgongoni."

"Ulilia?"

"Nilikoroma kidogo."

"Haya, kunywa supu kabla haijapoa, marehemu."

Heisaku alikuja Kyoto bado kijana, mtoto wa fundi miavuli kutoka Gifu, na sanduku moja na nia ya kuwa stelingi. Stelingi huwa hafi. Tatizo lilikuwa uso. Heisaku alikuwa na uso ambao ukiutazama unakumbuka kwamba hujanunua stempu. Mwongozaji mmoja alimwambia, bila ubaya wowote, "Nagumo, wewe una kipaji, ila kipaji chako kinaanza shingoni kwenda chini." Ilikuwa kweli. Hakuna aliyejua kuanguka kama yeye, wala kushika panga, wala kuinama mbele ya mkubwa mpaka kamera yenyewe iingiwe na adabu. Basi kamera ikachukua mikono yake, mgongo wake, nyayo zake zikitapatapa, na uso ukawekwa kwenye matope.

Alioa Sumie, ambaye baba yake alimwachia bafu la mtaa, lile la kuoga watu wote, lenye bomba refu la moshi na mlima uliochorwa ukutani. Sumie alikaa kwenye kiti cha juu mlangoni, upande huu wanaume, upande huu wanawake, akajua siri za migongo ya mtaa mzima. Heisaku alichochea moto kabla ya kwenda kufa. Hawakuwa na mtoto. Walikuwa na maji ya moto, na hayo yaliwatosha.

Pale studio waigizaji wadogo wote walibadilishia nguo chumba kimoja kikubwa kilichonuka jasho na gundi ya mawigi. Humo ndimo alimokuwa Ushiyama Kinpei, mnene, mcheshi, mwenye goti bovu tangu siku aliporushwa kutoka paa la karatasi. Wawili hao walikufa pamoja miaka ishirini. Wakiuawa katika tukio moja, Kinpei alikuwa anawahi kufa yeye, akalala chali, ili Heisaku aangukie tumbo lake badala ya mawe. Hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo. Mara moja tu Kinpei alilalamika kwamba Heisaku ana kiwiko kama patasi.

Miaka ya sabini ilipoingia watu wakachoka na mapanga. Walitaka suti, miwani myeusi, na majambazi wa mjini wanaohubiri uaminifu huku wakiuzana. Mwongozaji Makabe, mtu mwembamba aliyekula sigara kuliko chakula, akaapa kutengeneza picha ya kijambazi isiyo na uongo.

"Nataka ukweli!" alipiga kelele siku ya kwanza. "Nikiona kitu cha bandia humu, nitakichoma moto pamoja na aliyekileta."

Kinpei akamnong'oneza Heisaku, "Mwambie aanze na nywele zake."

Makabe hakuwa anatania. Alimleta Doi, mtu wa pili katika nyumba ya Karasawa, yakuza, jambazi wa kweli kabisa, awafundishe waigizaji sherehe ya kikombe: namna mtu anavyonywa mbele ya mkubwa akawa mwanawe, na tangu hapo mkubwa huyo ni Baba, akisema kunguru ni mweupe, ni mweupe. Doi alikuwa mpole, nadhifu, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilichoishia nusu. Na Doi alikuja na Baba mwenyewe. Mzee Karasawa alipenda sinema kama mtoto. Alifika na kigoda chake cha kukunja, akakaa nyuma ya kamera, akalia kila mtu alipokufa. Mzee alimlilia Heisaku kuliko wote. Alimtambua kwa mgongo.

Stelingi aliyetakiwa kucheza nafasi ya Baba akashikwa na vidonda vya tumbo. Makabe akamtazama mzee pale kwenye kigoda, makunyanzi yale, macho yale ya mbwa aliyeachwa stesheni, akampigia magoti. Mzee akakubali kabla hajamaliza kuombwa.

Seti ikapangwa kama Doi alivyoagiza. Madhabahu. Karatasi tatu ndefu zenye majina ya miungu, zilizoandikwa na kuhani, siyo na mchoraji wa studio. Chumvi iliyorundikwa vilima vitatu. Samaki wawili wekundu wanaotazamana. Mtunza vifaa alipoleta chupa ya maji kwa ajili ya kumimina, Doi alimkodolea macho.

"Maji? Mbele ya majina haya? Nyinyi mna wazimu?"

Ikaletwa sake, pombe ya kweli ya mchele. Wana walikaa mstari mmoja, wote waigizaji wadogo, na Makabe akamweka Heisaku mbele kwa sababu alitaka mikono. "Mikono tu, Nagumo. Uso uinamishe." Doi akamimina, akasema maneno ya mshenga kwa sauti ya kutetemesha vidirisha: kwamba anayekunywa hiki ameacha waliomzaa, na akitaka kurudi nyuma, arudi sasa.

Heisaku hakurudi nyuma. Nani anarudi nyuma kamera ikizunguka? Alinywa kwa mafunda matatu, hakubakiza tone, akakifunga kikombe kwenye karatasi nyeupe, akakitia kifuani, akainama mpaka paji likagusa mkeka. Alifanya vizuri mno. Halafu mzee Karasawa akasema maneno ambayo hayakuwa kwenye hati: "Nimepata mwana."

Makabe alilia kwa furaha. Watu wakapiga makofi. Katika fujo hiyo mtunza vifaa akasahau kudai kikombe, na Heisaku, aliyekuwa na njaa, akapanda baiskeli akaondoka nacho. Alikigundua alipovua shati. Sumie akakigeuzageuza, akasema ni kizuri, akakitia vijiti vya kuchokolea meno.

Siku chache baadaye Doi alifika bafuni na wanaume wawili wenye suti za kubana. Alivua viatu akavipanga vizuri kuliko mteja yeyote aliyewahi kuingia pale, akamwinamia Sumie.

"Shemeji, habari za hapa?"

"Shemeji yako nani?"

"Wewe, shemeji. Mumeo sasa ni mdogo wetu."

"Mdogo? Ana miaka arobaini na nne, na mgongo unamuuma mvua ikikaribia."

"Kwa kuzaliwa ni mkubwa. Kwa kikombe ndiyo kwanza ametambaa."

Heisaku akaja kutoka tanurini, masizi mpaka masikioni. Doi alimweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa habari za dawa. Eiji, mpwa wa Baba, alikuwa amemchoma mtu kisu kwenye ukumbi wa kamari wa pachinko. Mtu hakufa. Inspekta alitaka aletewe mtu na kisu kufikia Jumatatu.

"Mtu yupi?" Heisaku akauliza.

"Inspekta hachagui. Ukweli ungemchelewesha."

"Si aende Eiji, basi?"

"Eiji ni damu ya Baba, ndiye atakayeirithi nyumba. Mwana mdogo ndiye anayekwenda jela badala ya mkubwa. Ndivyo ilivyo. Miaka mitatu, minne ukikohoa vibaya mbele ya hakimu. Mimi mwenyewe nilikwenda badala ya Baba nikiwa na umri mzuri kuliko wako."

"Lakini kaka Doi, ile ilikuwa sinema!"

"Majina ya miungu yalikuwa ya sinema?"

"Hapana."

"Sake?"

"Hapana. Ilikuwa nzuri."

"Mimi? Baba? Tulikuwa wa karatasi?"

Heisaku akajifuta masizi usoni, akayaeneza zaidi.

"Wenzako wote waliinuka, wakarudi kuvua mawigi," Doi akasema. "Mwigizaji angemrudishia mtunza vifaa kikombe. Wewe ulikifunga, ukakitia kifuani, ukatoka nacho mlangoni. Anayefanya hivyo siyo mwigizaji tena. Kiko wapi?"

Macho ya wote yakaenda kwenye meza ya chai. Doi alivitazama vile vijiti vya meno kwa muda. Mmoja wa wale wenye suti akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka, na haikujulikana kama ni hasira au kicheko.

"Shemeji," Doi akasema kwa sauti ya chini, "tafadhali."

Sumie akavimwaga vijiti mezani.

"Hakuna njia ya kukirudisha?" Heisaku akauliza.

Doi akakitazama kidole chake kifupi. "Kinarudishwa kilivyotolewa. Mbele ya majina yaleyale, aliyemimina akiwepo, aliyetoa akiwepo. Unakipindua juu ya trei. Lakini Baba gani ataandaa sherehe ya kuaibishwa? Ukikaa kuisubiri, utakuwa umeshatoka gerezani." Akavaa viatu. "Nyumba yetu ina wana sita, Nagumo. Wawili wako ndani. Mmoja ana kisukari. Mmoja ameokoka, anauza tambi. Mmoja hajulikani alipo na mmoja ndiyo mimi. Hawa wawili bado hawajanywa kikombe. Baba anapolala, analitaja jina lako. Usimvunje moyo."

Tangu kesho yake wale wawili walikuja kila siku bafu lilipofunguliwa. Walilipa. Walijisugua vizuri kabla ya kuingia majini, kama ilivyo desturi, kuliko hata mwalimu mkuu. Kisha walizama mpaka kidevuni, mmoja na samaki wa rangi mgongoni mzima, mwingine na joka lililoanzia begani likaishia mahali Sumie alipoamua kutotazama. Walimsalimu kila mtu. Muuza tofu aliingia, akaona joka, akakumbuka kwamba alishaoga. Wazee wa mchezo wa ubao wakahamia bafu la mtaa wa pili. Kufikia Alhamisi maji ya moto yalikuwa na watu wawili tu ndani, na walikuwa wamekunja taulo zote za nyumba kwa pembe sawa.

Ubaya wenyewe ulikuwa huo. Mtu akikuvunjia kioo unaita polisi. Mtu akikukunjia taulo utamfanya nini?

Heisaku aliacha kula. Maisha yake yote alijua ukuta wa studio una nyuma. Ukiusukuma unakuta mbao, misumari, na fundi anakula mkate. Sasa alipita mitaa ileile na baiskeli yake na kila ukuta ulikuwa na ukuta nyuma yake. Akienda studio, Doi yuko pale na tabasamu lake la daktari. Akirudi, "Karibu nyumbani, mdogo wetu," inatoka ndani ya mvuke. Hakumwambia mtu, hata Kinpei. Angesemaje? Kwamba amefungwa na kikombe alichokunywa akiigiza? Kinpei angecheka mpaka goti lipone.

"Tukimbie," alimwambia Sumie.

"Na bafu tulibebe mgongoni?"

"Nitajikata kidole kama Doi, niombe msamaha."

"Wewe! Ulizimia mwiba wa samaki ulipokuingia." Sumie alikuwa anakuna vyungu kwa nguvu mno. "Mimi nimekuzoea ukifa, Heisaku. Unakufa, unarudi, unakula. Sijakuzoea ukiwa hai mahali pengine."

Jioni ya Alhamisi hiyohiyo Makabe alikusanya watu, uso umemshuka. Filamu ya sherehe ya kikombe imeingia mwanga kule maabara. Imeungua yote. Tukio litarudiwa Jumamosi, madhabahu ileile, Doi yuleyule, mzee yuleyule.

Watu wakanung'unika. Heisaku peke yake alitaka kucheza ngoma. Baba hataandaa sherehe ya kuaibishwa, lakini Makabe ataiandaa, tena kwa taa na mashahidi.

"Na safari hii, Nagumo," Makabe akaongeza, "nitachukua na uso. Hizi siku mbili tatu umekuwa na uso. Sijui umeutoa wapi. Usiupoteze kabla ya Jumamosi."

Miaka ishirini na tano aliisubiri sentensi hiyo, na ikaja siku ambayo hakuwa na haja nayo.

Jumamosi asubuhi Sumie alikisugua kikombe kwa majivu mpaka kikang'aa, akakifunga kwenye karatasi mpya, akamtia mumewe kifuani kwa mkono wake.

"Ukirudi nacho," akasema, "usirudi."

Seti ilikuwa vilevile: chumvi, samaki, majina matatu. Mzee Karasawa alikaa ndani ya kimono nyeusi, amenyoa vizuri, amepakwa poda kidogo puani, na alipomwona Heisaku uso wote ukafunguka kama mlango wa duka. Heisaku akatazama mkeka. Alikuwa amejiandaa kumwogopa. Hakujiandaa kwa hilo.

"Zungusha!" Makabe akaita.

Heisaku akakitoa kikombe kifuani, akakiweka kwenye trei, na Doi akamimina. Akasema maneno yake, mpaka pale pa anayetaka kurudi nyuma, arudi sasa. Heisaku akakichukua kikombe kwa mikono miwili, akakiinua, kisha, polepole, akakipindua juu ya trei. Sake ikatambaa kwenye mbao nyeupe ikadondokea mkeka.

Doi alibaki na chupa mkononi. Mzee Karasawa alitazama ile sake inavyodondoka, na midomo ikamcheza kidogo, kama mtu anayetafuta neno la mgeni.

"Amekirudisha," mzee akasema hatimaye. "Nimeona. Aende. Na vidole vyake vyote aende navyo."

"Kata! Kata! Kata!" Makabe alikuja mbio, sigara mbili mkononi. "Nagumo, umelewa? Hati inasema anakunywa! Rudia."

"Siwezi, mwongozaji."

"Huwezi kunywa?"

"Siwezi kunywa hicho."

"Una dini?"

Watu wakacheka. Heisaku hakuwahi kumkatalia mwongozaji jambo lolote tangu alipoingia studio. Alikubali kuruka, kuungua, kuzama. Neno siwezi lilimkaa mdomoni kama jino la mtu mwingine. Makabe akamsubiri, kisha akachoka.

"Toka kwenye seti yangu. Toka na usirudi, wala Jumatatu wala siku nyingine. Miaka yote nakupa kazi ya mgongo, leo nakupa uso, unanimwagia! Mtu mwingine hapa! Wewe mnene, Ushiyama, sogea mbele."

Heisaku aliinuka akaenda nyuma ya kamera, miguu myepesi. Kazi imekwisha, sawa. Atachochea tanuri, ataoga na wazee wa ubao. Alikuwa ameshashika viatu vyake ndipo maneno yalipomfikia vizuri. Ushiyama. Akageuka.

Kinpei alikuwa anakaa pale pale Heisaku alipokuwa amekaa, goti bovu likilia, akijikunja kwa shida, akicheka kwa aibu kama bwana harusi. Mtu wa mawigi anampangusa jasho. Na Doi, Doi aliyekuwa bado hajapata mtu wa Jumatatu, alikuwa anakifuta kikombe kwa kitambaa cheupe, taratibu, anamtazama Kinpei mwili mzima kama mtu anayenunua ng'ombe.

Heisaku akapenya kati ya waya za taa mpaka pembeni mwa mkeka.

"Kinpei. Usinywe."

"Ah, wewe nawe!"

"Nakwambia usinywe, ndugu yangu. Ni cha kweli."

"Najua ni cha kweli, nanusa hapa. Ndiyo raha yenyewe." Kinpei akashusha sauti. "Usinionee wivu, bwana. Umepewa uso umeutupa mwenyewe. Mimi mama yangu haoni vizuri, lazima nionekane mkubwa mkubwa ndiyo anijue. Hebu toka kwenye mwanga."

"Kinpei, watakufunga!"

"Kwa kunywa? Basi wangeshanifunga zamani."

"Nani anaongea?" Makabe akafoka. "Mtoeni huyo! Zungusha!"

Mkono wa mtu ukamvuta Heisaku nyuma. Kamera ikaanza mlio wake. Doi akamimina, akasema maneno. Arudi sasa. Kinpei, mwenye mama asiyeona vizuri, mwenye tumbo lililomkinga mtu na mawe miaka ishirini, akapokea kikombe, akakipandisha mdomoni.

Heisaku hakukumbuka baadaye kama aliamua. Alijikuta ndani ya mwanga na viatu mkono mmoja. Alikipokonya kikombe, sake nusu ikamwagikia mkono wa Kinpei, akapiga magoti pale pale ubavuni mwake, akanywa iliyobaki. Mafunda matatu, ingawa ilitosha funda moja. Karatasi ikamtoka Kinpei mkononi. Akaiokota, akakifunga kikombe, akakitia kifuani. Akainama.

Makabe hakusema kata. Aliiacha kamera izunguke mpaka filamu yenyewe ikaisha ikawa inapiga makofi ndani ya sanduku lake. Ndipo akasema, karibu kwa kunong'ona, "Hiyo. Hiyo ndiyo. Nani aliandika hiyo?"

"Mshenzi we!" Kinpei akapumua, macho yamejaa machozi ya hasira. "Mshenzi mkubwa we! Hata kufa unataka ufe wewe kwanza?"

Mzee Karasawa alikuwa amejisogeza juu ya mkeka kwa magoti yake, akamshika Heisaku ukosi wa shati, akauweka sawa, kama mtu anayemwandaa mtoto wa kwenda shule.

"Vaa soksi nene," mzee akasema. "Kule sakafu ni ya saruji. Asubuhi ni baridi."

Alikuwa analia tena. Na Heisaku, ambaye angetaka sana kumchukia, aliona hana hata hilo.

Alirudi nyumbani akisukuma baiskeli, hakuipanda. Sumie alikuwa kwenye kiti chake cha juu. Alimwona mumewe, akaona kifua kilivyovimba upande mmoja, akashuka.

"Nilikwambiaje?"

"Ulisema nisirudi."

"Na umerudi."

"Nilikirudisha, mke wangu. Kabisa. Mzee mwenyewe alisema niende. Halafu wakamkalisha Kinpei."

Sumie alisimama na kitambaa cha kufutia mkononi. Aliliona lote, bila kuelezwa zaidi, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake, kujua watu kwa migongo.

"Kinpei," akasema. "Kinpei ambaye hajawahi kulipa kuoga hapa hata siku moja!"

"Huyo huyo."

"Anayemaliza sabuni!"

"Huyo huyo, Sumie."

Alimpiga na kile kitambaa, kifuani, mara ya kwanza kwa nguvu, mara ya pili kidogo tu. Kisha akaingia ndani, na Heisaku akamsikia akifungua kabati, akivuta droo moja baada ya nyingine. Alikuwa anatafuta soksi. Mle majini hapakuwa na mtu. Wale wawili hawakuja siku hiyo. Hawakuwa na haja tena.

Jumatatu alienda kituoni na kisu kilichofungwa kwenye gazeti. Inspekta alimuuliza alimchoma yule mtu wapi, na Heisaku, ambaye hakuwepo, akamwonyesha namna mtu anavyochomwa, anavyojipinda, anavyoshika meza, anavyokwenda chini. Askari wote waliacha chai zao wakatazama. Inspekta akaandika kwamba mshitakiwa amekiri kwa ukamilifu usio wa kawaida.

Picha ilitoka masika, maua yakiwa yameanza kudondoka. Kinpei alimlipia Sumie tiketi, jambo ambalo peke yake lilistahili kutangazwa, na mama yake wakamkalisha katikati, kiti cha mbele. Ilikuwa picha ya damu kutoka mwanzo. Baba alikufa kitandani, watu wazima wakaguna kwa huzuni. Mpwa akauawa. Mshenga akauawa. Kinpei mwenyewe alipigwa risasi sokoni akaangukia nyanya, mama yake akauliza ni nani yule mnene. Stelingi naye akafa, kwa kuwa Makabe alisema hataki uongo.

Na Heisaku alikuwa pale, katikati ya picha, uso mzima, mkubwa kama mlango. Anaingia mbio na viatu mkononi, anapokonya kikombe, anakunywa, anainama. Kamera inamwacha ameinama hivyo. Baada ya hapo haonekani tena. Hakuna anayemchoma, hakuna anayempiga risasi. Katika picha nzima ndiye peke yake ambaye hakufa.

Taa zilipowashwa watu walianza kutoka. Kinpei akamwinua mama yake, akamgeukia Sumie.

"Twende, shemeji. Nitakusaidia tanuri."

Sumie hakuinuka. Alikuwa ameshika mkoba wake magotini, anaitazama skrini tupu.

"Tangulieni," akasema. "Nangoja onyesho la pili."

"Ni ileile, shemeji. Haibadiliki."

"Najua ni ileile." Alijiweka sawa kitini. "Lakini huyu mtu nimeishi naye miaka mingi. Akifa ndiyo huwa anarudi kula. Wacha niangalie tena, labda kuna mahali anakufa na tulipitwa."